"Tuliza roho, utazaa": historia ndefu ya shauri moja

Wandugu wasikilizaji, ninyi mlio mitaani, ninyi mlio vijijini, na ninyi mnaolala kambini au katika familia zilizowapokea, jambo tunalolizungumza leo hufika kwenye redio kwa sauti ya chini. Mara nyingi mtu hungoja kipindi kiishe, ndipo apige simu na kuomba jina lake lisitajwe. Ni jambo la mama aliyeolewa, mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tano ukapita, na mimba haiji.

Mama huyo hupewa shauri lilelile kila anapokwenda. Mama mkwe analitoa, jirani analitoa, mchungaji analitoa, hata muuguzi aliyechoka kazi analitoa: "Wewe mawazo yako mengi. Tuliza roho, utazaa." Wengine wanalisema kwa upendo. Lakini lisikilizeni vizuri. Ndani yake kuna hukumu: kama hujazaa, ni kwa sababu hukutulia. Na kwa aliyekimbia vita, aliyeacha shamba na nyumba, anayelala chini ya hema na kusikia kila kikohozi cha jirani, shauri hilo ni kama kumwambia mtu aliye ndani ya mvua akauke.

Shauri hilo lina historia yake. Limepita kwa waganga wetu, likapita kwa wakoloni, likapita kwa madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani. Kuna sehemu yake iliyo ya kweli na yenye msaada, na kuna sehemu iliyo mzigo wa bure kichwani mwa wanawake. Leo nataka tuzitenganishe sehemu hizo mbili.

Kwanza tukumbuke uzito wa jambo lenyewe. Kwetu Kivu mtu mzima haitwi kwa jina lake. Anaitwa Mama Furaha, Baba Amani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Asiye na mtoto anabaki na jina la utotoni hata mvi zikimwota, na kila salamu asubuhi inamkumbusha. Jirani zetu wa Rwanda wana kidonda hichohicho. Mwaka 2011 daktari Nathalie Dhont na wenzake walichapisha andiko juu ya watu wa Kigali waliokosa mtoto, na kichwa cha andiko hilo kinasema karibu hivi: mama na papa wa hakuna. Waliona kwamba mateso yanawafika wanaume na wanawake, lakini kupigwa, kufukuzwa na ndoa kuvunjika vinamwangukia mwanamke zaidi. Nafikiri hakuna msikilizaji wa Bukavu au Uvira atakayeshangaa.

Watu wengi wanadhani kukosa mtoto ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Congo yetu inajua kwamba inaweza kuwa janga la nchi nzima. Kati ya 1955 na 1957 serikali ya Wabelgiji ilifanya hesabu kubwa ya watu na uzazi katika koloni lote. Mtaalamu mmoja wa kazi hiyo, Anatole Romaniuk, alitoa kitabu chake mwaka 1967. Matokeo yalitisha. Huko Tshuapa na Uele kulikuwa na sehemu ambako karibu theluthi ya wanawake waliopita umri wa kuzaa hawakuwahi kuzaa hata mara moja. Kivu, kinyume chake, ilikuwa miongoni mwa majimbo yenye uzazi mwingi. Wataalamu walianza kuzungumza juu ya ukanda wa utasa katikati ya Afrika, unaotoka Gabon, unapita Équateur na Uele, unagusa Afrika ya Kati na kufika upande wa Sudani.

Kwa nini huko? Hapo ndipo shauri letu linapojitokeza likiwa limevaa nguo za kizungu. Mwaka 1922 mtaalamu Mwingereza, W. H. R. Rivers, alieleza kwamba watu wa visiwa vya Melanesia, katika bahari ya Pasifiki, walikuwa wanapungua kwa sababu mkoloni amewaondolea furaha ya maisha. Wamekata tamaa, basi hawazai. Mawazo ya namna hiyo yalisafiri, na Congo pia wapo Wazungu walioyashika: mtu mweusi ana huzuni, roho yake imevunjika, ndiyo sababu vijiji havina watoto. Ni maelezo yenye huruma ndani yake, siyakatai kabisa. Lakini yalikuwa maelezo rahisi kwa Bula Matari, maana huzuni haina karatasi ya kushitakiwa.

Sababu kubwa ilikuwa katika mwili, na nyuma ya mwili kulikuwa na vurugu. Bonde la Maringa na Lopori, kule Équateur, ndiko kampuni ya Abir ilikokusanya mpira wa porini wakati wa mfalme Leopold II. Ili wanaume waende msituni kutafuta mpira, wanawake walikamatwa na kufungwa kama rehani. Vijiji vilichomwa, familia zilikimbilia porini, askari walipita huku na huku na kuchukua wanawake kwa nguvu. Tume ya uchunguzi ya 1904 na 1905 iliandika ushuhuda wa watu waliopitia hayo. Palipo na askari, kukimbia na kuvunjika kwa familia, magonjwa ya zinaa huenea. Kisonono kikimshika mwanamke na kisipotibiwa, kinapanda polepole hadi kwenye mirija miwili inayopitisha yai kwenda kwenye kizazi. Mirija inavimba, inapona kwa kovu, na kovu linaziba njia. Mwanamke anaweza asisikie maumivu makubwa. Anajua tu kwamba miaka inapita. Kaswende nayo ilikuwa inaua mimba tumboni.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, penisilini ilifika. Zilifanyika kampeni za sindano dhidi ya magonjwa hayo, na katika miaka iliyofuata uzazi ulianza kupanda katika sehemu zilezile zilizokuwa kimya. Wataalamu wengi wanaunganisha mambo hayo mawili. Hakuna aliyewatuliza roho watu wa Tshuapa katika miaka ile. Wengi walichopata ni dawa ya kuua kijidudu.

Befale, ndani ya eneo lilelile la mpira, Wabelgiji walifungua hata kliniki ya kushughulikia utasa. Mwanahistoria Mmarekani, Nancy Rose Hunt, ameieleza katika kitabu chake cha 2016, ambacho jina lake linasema juu ya dola yenye wasiwasi. Napenda jina hilo. Wakoloni walikuwa wanapima wasiwasi wa wanawake, kumbe mwenye wasiwasi kuliko wote alikuwa serikali yenyewe, iliyoogopa kukosa vibarua kesho.

Sasa turudi nyuma ya kliniki, kwenye nyumba za uponyaji za wazee wetu, maana huko walijua jambo ambalo sindano hailijui.

Kwa Wayaka wa Kwango kulikuwa na uponyaji unaoitwa khita, hasa kwa mwanamke asiyezaa au ambaye watoto wake wanakufa. Mbelgiji René Devisch aliishi huko katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu kuhusu khita mwaka 1993. Alichokiona hakikuwa kunywa dawa tu. Kabla ya yote, familia zinaitwa. Upande wa mume, upande wa mke, na zaidi ya wote mjomba, ndugu wa mama, kwa sababu inaaminika kwamba ndiye anayeweza kufunga au kufungua uzazi wa mtoto wa dada yake. Maneno yaliyokuwa yamefichwa, deni la mahari, ugomvi wa zamani, yanatolewa hadharani. Kisha mwanamke anawekwa katika nyumba ya pembeni kwa majuma au miezi. Hapigi jembe, habebi maji. Anapakwa, anakandwa, anaimbiwa, ngoma inalia, anapumzika. Akitoka, anatoka kama mtu mpya, na kijiji kizima kinamwona.

Kwa Wamongo, watu wa Équateur ileile, kulikuwa na zebola. Watu walipohamia Kinshasa waliondoka nayo, na mtafiti Ellen Corin aliisoma huko katika miaka ya 1970. Zebola ni ya wanawake. Mgonjwa anayesumbuliwa na roho, na kukosa mtoto ni mojawapo ya shida zilizoweza kumfikisha hapo, anakaa nyumbani kwa mama mganga pamoja na wagonjwa wengine. Anapakwa rangi nyekundu. Anafundishwa kucheza, hatua kwa hatua, mpaka mwili unaokataa unakubali. Siku ya kutoka kuna ngoma kubwa mbele ya jamaa na majirani. Tangu siku hiyo ana kundi lake, wanawake waliopita njia hiyohiyo, na akianguka tena anajua mlango wa kubisha.

Kwetu huku mashariki wazee wanakumbuka Lyangombe, anayeitwa Ryangombe kwa Wanyarwanda, na Warundi wakiwa na Kiranga wao. Walioingia katika ibada hiyo walipata jamaa wapya, na maombi ya mtoto yalikuwa sehemu ya waliyoyapeleka. Wamisionari waliipiga vita, na leo wengi hawapendi kuitaja. Siandiki haya ili mtu arudi huko. Kila mmoja na imani yake.

Ninachotaka tuone ni kazi iliyokuwa ikifanyika. Ondoa majina ya mizimu, angalia kilichobaki: mwanamke anapumzishwa kazi, mwili wake unashikwa kwa upole badala ya kupigwa, anapumua pamoja na wengine kwa sababu huwezi kuimba bila kupumua, ukoo unalazimishwa kusema ukweli, na hayuko peke yake. Huo ni ujuzi mkubwa. Lakini tusiupambe kupita kiasi. Khita haikuweza kufungua mrija ulioziba kwa kovu. Na ni mke aliyeingizwa katika nyumba ya pembeni, wakati huenda shida ilikuwa kwa mume. Mwanamke aliyepita yote hayo na bado asizae, mara nyingi alisikia kwamba kuna siri ameificha. Shauri letu tena, kwa lugha nyingine.

Wakati zebola ikicheza Kinshasa, ng'ambo ya bahari madaktari walikuwa wanahangaika na swali lilelile. Katika miaka ya 1940 na 1950 wachunguzi wa akili, kama Therese Benedek wa Chicago, waliandika kwamba mwanamke asiyezaa bila sababu inayoonekana huenda moyoni mwake anakataa kuwa mama. Hebu fikirini: mama analia usiku kwa kukosa mtoto, asubuhi daktari anamwambia kwamba ni wewe mwenyewe hutaki. Kisha vipimo vikaendelea. Kamera nyembamba inayoingizwa tumboni ikaonyesha makovu na mirija iliyoziba. Vipimo vya damu vikaonyesha homoni zisizopanda inavyotakiwa. Mbegu za waume zikahesabiwa. Kundi la wale wasio na sababu likapungua, na lawama nyingi za moyo zikaanguka zenyewe.

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye yai la mama na mbegu ya baba vilikutanishwa nje ya mwili. Robert Edwards, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2010. Mlango mpya ulifunguka, na nyuma yake kulikuwa na mateso mapya: sindano kila siku, kungoja, kuhesabu siku, kwenda chooni kwa hofu ya kuona damu, na damu ikija, kuanza tena au kukosa pesa ya kuanza tena.

Ndipo ikaja Boston, Marekani. Daktari wa moyo Herbert Benson alikuwa amechapisha mwaka 1975 kitabu chake juu ya namna mwili unavyotulia. Alichoeleza ni rahisi. Mtu akishikwa na hofu, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, kana kwamba kuna adui mlangoni. Mwili huohuo una njia ya kurudi: ukikaa, ukapumua polepole, ukarudiarudia neno moja au sala fupi, mapigo ya moyo yanashuka na misuli inaachia. Mtu hahitaji kuamini kitu fulani ili hilo litokee. Mwaka 1987, katika hospitali ya Deaconess, mwanasaikolojia Alice Domar alichukua mafundisho hayo na kufungua darasa la wanawake waliokuwa katika matibabu ya kukosa mtoto. Walikutana mara kumi. Walijifunza kupumua hadi chini ya tumbo, kukaza na kuachia misuli kiungo kwa kiungo, kunyoosha mwili, kuandika hasira badala ya kuimeza, na kuyahoji mawazo kama lile linalosema "mimi si mwanamke kamili". Waume nao waliitwa baadhi ya siku.

Mwaka 1993 Domar na wenzake walionyesha jambo lililowafungua macho wengi: huzuni na wasiwasi wa wanawake waliokosa mtoto vilikuwa sawa na vya wagonjwa wa kansa na wale waliotoka kwenye maradhi ya moyo. Mnamo 2000 wakatoa utafiti mwingine. Wanawake 184 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilifanya mazoezi ya kutuliza mwili na akili. La pili lilikuwa la kukaa na kuzungumza pamoja. La tatu halikupewa kitu zaidi ya matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka, waliopata mimba iliyosimama walikuwa asilimia 55 katika kundi la kwanza, 54 katika la pili, na 20 katika la tatu.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Habari ilienea, na watu wakasikia kile walichotaka kusikia: tuliza roho, utazaa. Lakini wanawake 64 kati ya wale 184 waliacha njiani, na utafiti ukipoteza watu wengi hivyo, namba zake zinashikwa kwa mikono miwili. Na mimi kinachonivuta zaidi ni jambo lingine. Tazameni kundi la kwanza na la pili: 55 na 54. Waliokaa tu pamoja na kuzungumza hawakuachwa nyuma na waliofundishwa mazoezi yote. Wamama wa zebola wangecheka.

Jibu lenye nguvu zaidi lilikuja mwaka 2011. Jacky Boivin wa chuo kikuu cha Cardiff na wenzake walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3.583 walioingia katika matibabu, na kuuliza swali moja: je, aliyeanza matibabu akiwa na wasiwasi au huzuni alipata mimba kidogo kuliko aliyeanza akiwa mtulivu? Jibu lilikuwa hapana. Mnamo 2016 uchunguzi mwingine, wa Cochrane, wanaopima ubora wa tafiti za dawa duniani, ulisema kwamba tafiti zilizopo juu ya msaada wa kisaikolojia ni dhaifu mno kuahidi mimba.

Sisi wa Kivu hatukuhitaji kungoja 2011. Kambini watoto wanazaliwa kila juma, kwa mama waliokimbia risasi. Na katika vita hivi mimba zimepatikana katika hofu iliyo kubwa kuliko hofu zote. Sitaeleza zaidi, mnaelewa. Kama wasiwasi ungefunga kizazi, mambo hayo yasingetokea. Kuna angalizo moja tu: njaa kali na kukonda vinaweza kusimamisha hedhi, pamoja na uchovu mkubwa wa muda mrefu. Mama ambaye hedhi imekatika kwa miezi na hana mimba asiambiwe atulie. Aende kituo cha afya.

Basi mazoezi hayo yana kazi gani? Yana kazi kubwa, ila si ile waliyoyapa. Yanamsaidia mtu alale. Yanamsaidia apite siku ya kungoja majibu bila kuvunjika. Yanamsaidia aendelee na matibabu, maana hata katika nchi ambako matibabu yanalipiwa, wengi huyaacha kwa sababu moyo umechoka. Mtu akipona usingizi na bado hajapata mtoto, amepona kitu. Hakushindwa mtihani.

Na tusidhani hayo ni ya Boston tu. Mwaka 2013 jarida kubwa la madaktari la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa hapa kwetu, katika vijiji vya mashariki ya Congo, ukiongozwa na Judith Bass. Ulihusu wanawake 405 walionusurika ubakaji. Haukuwa juu ya kukosa mtoto, na silichanganyi jambo moja na lingine, lakini ulipima kitu tunachokitafuta: je, kundi linaponya, mahali penye vita na umaskini? Katika baadhi ya vijiji wanawake walikutana kama kundi, wakifundishwa kuyashika na kuyageuza mawazo yanayowatesa. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mmoja mmoja. Waliowahudumia wote hawakuwa madaktari bali wasaidizi ambao kwetu mnawaita APS. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya makundi, na 42 katika vile vingine. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, nayo imeingiza nyimbo katika uponyaji wa wanawake: wanatunga wenyewe, wanaimba, wanarekodi. Bibi zetu wangeitambua kazi hiyo bila kufasiriwa.

Kwa aliye kambini anayesema hana mahali pa kukaa kimya: zoezi la pumzi halihitaji kimya wala mkeka. Kaa ulivyokaa, hata mbele ya moto ukingoja maharage. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua mpaka mkono unyanyuke, hesabu hadi nne. Toa polepole zaidi ya ulivyovuta, hesabu hadi sita, mabega yakishuka. Ni pale kwenye kutoa ndipo moyo unapopunguza mwendo. Rudia dakika tano. Mawazo yatakuja, yaache yapite kama moto wa motari barabarani, urudi kwenye pumzi. Usiku, lala, kaza miguu, hesabu hadi tano, achia, mapaja, achia, mikono, achia, uso, achia. Njia hiyo ya misuli ilitolewa na daktari Edmund Jacobson wa Chicago mwaka 1929. Kwa aliyepitia ukatili, kufumba macho kunaweza kurudisha picha mbaya. Huyo aache macho wazi, aangalie kitu kimoja, na akisikia moyo unazidi kukimbia asimame na kumtafuta APS. Wamama watatu au wanne wenye shida moja wakikutana mara moja kwa juma chini ya mti, tayari wana nusu ya darasa la Boston.

Mchungaji au nabii akikuombea, vema, sala nayo ni pumzi na matumaini. Akikuambia uache dawa za hospitali au utoe pesa ili kizazi kifunguke, hapo ondoka. Vivyo hivyo kwa muuza chupa wa sokoni anayeahidi mapacha.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupata shida ya uzazi katika maisha yake. Kipimo chao ni miezi 12 ya kukutana kama mume na mke bila kinga na bila mimba. Ikifika hapo, au miezi sita kama mama amepita miaka 35, wote wawili waende kupimwa. Wote wawili, Baba, nakuita wewe uliyekaa pembeni ya redio. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii kuna sababu upande wa mwanaume pia. Kupiga picha ya mirija ni gharama na kwa kawaida kunataka hospitali kubwa. Kupima mbegu za mume ni rahisi kuliko vyote, hakuna sindano wala kisu, na kipimo cha mwanzo huangaliwa kwa mikroskopu kama ileile inayotafuta malaria katika vituo vyetu vya afya.